Refa Katuonea, au Tumejionea Wenyewe?

Maswali ya wasomaji

Barua za mwezi huu ni nyingi, na karibu zote zinalia na filimbi. Kabla sijazijibu, niseme jambo ambalo wasomaji wa siku nyingi wanalijua: mimi ni mtu wa Jangwani, yaani shabiki wa Yanga, mapenzi hayo nimeyarithi kwa babu yangu, na sitajifanya sina upande, kwa sababu katika jiji hili la Dar es Salaam mtu anayedai hana upande kati ya Simba na Yanga mara nyingi anasubiri tu kuona nani ameshinda ndipo achague. Ninachoweza kumwahidi msomaji wa Msimbazi, yaani wa Simba, ni kwamba sheria nitakayomsomea yeye ndiyo nitakayomsomea Mwananchi mwenzangu wa Yanga, na nitaanza na Mwananchi.

SWALI: Ndugu mwandishi, salaam. Muda umepita tangu usiku ule wa Pretoria, lakini moyo wangu haujapoa. Mpira wa Aziz Ki uligonga mtambaa panya ukadunda ndani, dunia nzima ikaona, VAR ikakagua, na bado tukanyimwa goli. Kama mashine ipo na goli la halali linakataliwa, mashine hiyo ni ya nini? – Mwananchi mwenye kidonda, Mbagala Rangi Tatu.

JIBU: Ndugu yangu wa Mbagala, kidonda hicho tunakiuguza wote. Usiku ule wa tarehe 5 Aprili 2024, Yanga yetu ilipocheza na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja huko Tandika, na mpira ulipodunda nyuma ya kipa wao Ronwen Williams tuliruka kwa pamoja hata benchi tulilokalia likavunjika mguu. Mwenye kibanda alitudai fidia ya benchi, nasi goli lenyewe hatukupewa. Nilivyouona mpira ule kwenye marudio, ninaamini ulikuwa ndani. Hiyo ni imani yangu ya shabiki, na naiweka mezani mapema ili ijulikane.

Swali lako hata hivyo linahusu mashine, na hapo wengi wetu tunachanganya mashine mbili. VAR ni waamuzi waliokaa mbele ya luninga wakitazama picha za kamera za matangazo, zilezile ambazo mimi nawe tunazitazama, pamoja na pembe chache ambazo sisi hatuonyeshwi. Teknolojia ya mstari wa goli ni kitu kingine kabisa, kwa kuwa ina kamera zake maalumu zinazoyalenga magoli mawili tu, zinakokotoa mahali mpira ulipo, na mpira ukivuka wote saa ya mwamuzi inatetemeka ndani ya sekunde moja. Watunga sheria za mpira waliiidhinisha Julai 2012, na kilichowasukuma zaidi ni shuti la Frank Lampard wa Uingereza dhidi ya Ujerumani mjini Bloemfontein tarehe 27 Juni 2010, ambalo liligonga mtambaa panya likadunda ndani kwa umbali ambao hata mtoto angeuona, na mchezo ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Pretoria usiku ule VAR ilikuwapo. Teknolojia ya mstari haikuwapo.

Tofauti hiyo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya 10 inataka mpira mzima uvuke mstari mzima, kati ya milingoti na chini ya mtambaa panya. Mpira una mzingo wa sentimita 68 hadi 70, kwa hiyo upana wake ni kama sentimita 22, na nusu yake ni 11. Maana yake ni kwamba mpira unaweza kugusa majani sentimita 10 nyuma ya mstari, ukaacha alama yake ndani ya goli kabisa, na bado kisheria lisiwe goli, kwa sababu tumbo la mpira linaning'inia juu ya ukingo wa mstari. Ongeza na hili: kamera kuu ya matangazo iko juu, usawa wa katikati ya uwanja, na mpira ulio hewani ukitazamwa kutoka huko unaonekana umeingia zaidi kuliko ulivyoingia, kwa kuwa jicho linaupima kwa kipande cha ardhi kilicho nyuma yake. Pembe pekee inayotoa jibu la haki ni ile iliyonyooka sawasawa na mstari wa goli, na ikikosekana, au ikiwa na mlingoti au mwili wa kipa mbele yake, watu wa VAR wanabaki kubahatisha kama sisi wa Tandika.

Wao lakini hawaruhusiwi kubahatisha. Mwamuzi Dahane Beida wa Mauritania hakutoa goli, na utaratibu wa VAR unasema uamuzi wa uwanjani unabaki mpaka ithibitike kuna kosa la wazi na dhahiri. Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiniuliza nani alitunyima, nitakujibu kwamba ilianza kutunyima kamera ambayo haikufungwa, na mwamuzi alifuata baadaye. Hasira yetu ingefaa ipelekwe kwa wanaoandaa mashindano ya ngazi ile, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, bila kifaa ambacho Kombe la Dunia limekuwa nacho tangu 2014.

Sasa niseme lile lisilopendwa vijiweni. Tulitoka 0–0 nyumbani, Uwanja wa Mkapa, tarehe 30 Machi, tukatoka 0–0 Pretoria, tukafungwa penati 3–2. Katika mashindano ya CAF, shirikisho la soka Afrika, goli la ugenini huvunja sare, kwa hiyo goli moja tu la Pretoria lingewalazimisha Sundowns wafunge mawili. Sisi hasa hatukuwa na haki ya kulisahau hilo, maana mwaka mmoja kabla, katika fainali ya Kombe la Shirikisho ya 2023, tulifungwa 2–1 na USM Alger nyumbani, tukaenda kushinda 1–0 Algiers, na kombe likabaki kwao kwa sheria hiyohiyo. Mpango wa kuziba njia na kungoja mpira wa kushtukiza ulikuwa na akili dhidi ya timu inayokaa na mpira kama Sundowns, ila una gharama moja: unakupa nafasi mbili au tatu katika mchezo mzima, na mojawapo ikiangukia kwenye sentimita zenye ubishi, huna nyingine ya kuifidia. Timu iliyotengeneza nafasi kumi hulalamikia refa kwa siku moja. Sisi tunalalamika hadi leo kwa sababu ile ndiyo tuliyokuwa nayo.

SWALI: Kaka mwandishi, najua wewe ni wa upande wa pili lakini nakuheshimu. Mimi naweka daftari. Kila mechi ya Simba naandika penati tulizostahili tukanyimwa na penati walizopewa wapinzani wetu. Daftari limejaa, na hesabu haidanganyi: tunaonewa. Unasemaje? – Mnyama wa Magomeni Mapipa.

JIBU: Ndugu yangu, kwanza hongera kwa daftari, maana mashabiki wengi tunaweka kumbukumbu kichwani, na kichwa cha shabiki kina tabia ya kufuta magoli ya bahati na kuhifadhi dhuluma. Ila nina ombi. Katika kila mstari wa daftari hilo ongeza safu moja: mpira uliingiaje ndani ya kumi na nane, yaani eneo la penati?

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi, na maoni yangu ni kwamba uamuzi wenye utata mara nyingi umezaliwa na mbinu kabla haujafika kwa refa. Mwamuzi anapuliza kile ambacho timu mbili zimempelekea. Chukua timu inayoshambulia kwa krosi ndefu kutoka pembeni. Mpira unakuja hewani, watu wanne wanaruka, kila mmoja kamwekea mwenzake mkono mgongoni, na wote wanaanguka; mwamuzi akitazama anaona makosa yamegawana pande zote, basi anaacha, au anawapa mabeki. Timu hiyo itamaliza mechi ikiwa na madai matano ya penati na penati hakuna. Chukua sasa timu yenye winga anayeingia ndani akiwa na mpira mguuni, ana kwa ana na beki. Beki huyo hana chaguo ila kuweka mguu, na akichelewa kidogo tu anagusa kifundo badala ya mpira, tena peupe, bila msongamano wa kumficha. Huyu atapata penati. Shabiki wa timu ya krosi atahesabu matano kwa sifuri na kusema ameonewa, kumbe madai yake matano yalikuwa hafifu na la mwenzake moja lilikuwa zito.

Upande wa kukaba ni vilevile. Timu ikipaki basi, ikarundikana ndani ya kumi na nane yake kwa nusu saa, itagusana na wapinzani humo ndani mara nyingi mno, na itazuia mashuti kwa miili, na penye mashuti ya karibu na miili iliyobanana hapakosi mkono. Sheria haisemi kila mpira uliogusa mkono ni kunawa. Inauliza kama mchezaji alikusudia, au kama mkono wake ulikuwa umeupanua mwili kinyume cha mwendo wa kawaida. Hapo ndipo unapowaona mabeki wakirudi nyuma mikono wameifumbata mgongoni kama wanafunzi mbele ya mwalimu. Anayejirusha kuzuia shuti lakini hawezi kukimbia vile, na siku moja mkono utakuwa juu. Je, huo ni uonevu wa refa, au ni kodi ya kukubali kukaa ndani ya kumi na nane yako kwa nusu saa?

Timu inayokaba kuanzia juu nayo ina utata wa aina yake. Inapokonya mpira karibu na goli la mpinzani, mabeki wakiwa wamegeukia lango lao wenyewe, na beki anayekimbia kuelekea kwake hamwoni anayekuja, kwa hiyo anamgonga kwa nyuma bila kukusudia. Faulo na penati za namna hiyo zinakwenda kwa timu inayokaba juu. Lakini timu hiyohiyo ikipigiwa mpira mmoja mrefu nyuma ya mabeki wake, inabaki kutegemea kibendera cha mwamuzi wa pembeni kwamba mshambuliaji ameotea, na kibendera kisipoinuka kilio ni chake.

Nikupe mfano, nawe usinichukie. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga waliwafunga 5–1. Mapumziko ilikuwa 1–1, Kennedy Musonda kwetu na Kibu Denis kwenu, na magoli manne yakaja kipindi cha pili, la mwisho likiwa penati ya Pacome Zouzoua. Ukiandika daftarini «penati dhidi yetu, dabi», umeandika kweli. Ila wakati penati ile inapigwa matokeo yalikuwa 4–1 na timu yenu ilikuwa imekatika vipande viwili, viungo wamepanda kutafuta goli na hawarudi, mabeki wameachwa wapambane na watu wanaokuja mbio mpira ukiwa mguuni. Kosa lililozaa penati ile lilianza muda mrefu kabla ya filimbi, kwenye nafasi iliyokuwa wazi katikati ya uwanja, na katika daftari lako nafasi hiyo haina safu yake.

Sisemi waamuzi wetu ni malaika. Wanakosea, na wakati mwingine wanakosea kwa woga. Viwanja vya Ulaya vilipobaki vitupu mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, watafiti walibaini kwamba tofauti ya kadi kati ya wenyeji na wageni ilipungua, jambo linaloonyesha kwamba kelele za majukwaa zilikuwa zikimwingia mwamuzi bila yeye kujua. Mechi yetu ya watani ina upekee wake hapo, kwa kuwa uwanja mmoja unajaa pande zote mbili na kelele zinatoka kila kona, lakini timu ndogo inayokuja Dar es Salaam kucheza na yeyote kati yetu wawili haina kelele hata moja ya kuiombea faulo. Ukitaka daftari la uonevu lenye uzito, nenda kawaombe wao. Nina hakika kurasa zetu wote wawili zimo humo.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama wa watu wazima na nyumbani kwangu wote ni wapenzi wa mpira. Kila Jumamosi nasikia «ameotea, hajaotea» mpaka chai inapoa. Nimeelezwa mara tatu na kila mtu ananieleza lake. Nieleze wewe, na uniambie kwa nini yule mshika kibendera anakosea mara kwa mara. – Mama wa Tabata Segerea.

JIBU: Shikamoo mama. Nitaanza na sheria kwa ufupi. Mchezaji yuko katika eneo la kuotea kama, wakati mwenzake anapogusa au kupiga mpira kumpelekea, yeye yuko nusu ya uwanja ya wapinzani, yuko mbele ya mpira, na kati yake na mstari wa goli hakuna wapinzani wawili, ambao kwa kawaida ni kipa na beki mmoja. Akiwa sawa na beki huyo hajaotea. Mikono haihesabiwi, ya mshambuliaji wala ya beki. Mpira ukitoka kwa goli kiki, kwa kurushwa au kwa kona, hakuna kuotea.

Kinachowafanya wanao wagombane ni sehemu ya pili, kwamba kukaa katika eneo la kuotea si kosa mpaka mchezaji ashiriki: aucheze mpira, au amzuie mpinzani kuucheza, kwa mfano kwa kusimama mbele ya macho ya kipa. Kwa hiyo unaweza kumwona mtu kasimama peke yake kabisa, kibendera kimetulia, na mwenzake aliyetoka nyuma anaufuata mpira na kufunga kihalali. Walimu wa mpira wanaijua sheria hii na wanaitumia. Wanamweka mtu mmoja mahali pabaya kwa makusudi ili mabeki wamtazame yeye, kisha mpira unakwenda kwa mwingine. Huo ubishi unaopoza chai yako, mama, kuna mtu aliulipia mshahara wa kuuandaa.

Kuhusu mshika kibendera kukosea, nina ushahidi wa aibu yangu mwenyewe. Miaka ya ujana niliwahi kupewa kibendera kwenye bonanza pale Mwembe Yanga, Temeke, kwa sababu aliyepangwa hakufika na mimi nilikuwa mjuaji wa kelele kuliko wote. Dakika ya kwanza tu niligundua kwamba kazi ile haiwezekani. Unatakiwa kuona mguu wa mpigaji unapogusa mpira, mita 30 kulia kwako, na papo hapo kuona bega la mshambuliaji na kisigino cha beki mbele yako, na jicho halitazami sehemu mbili kwa wakati mmoja. Linahama, na kuhama kunachukua muda. Tuseme ni sehemu mbili tu za kumi za sekunde. Mshambuliaji anakwenda mbele kwa kasi ya mita 7 kwa sekunde na beki anapanda kinyume chake kwa kasi hiyohiyo, basi katika muda huo wameachana kwa karibu mita 3. Aliyekuwa sawa anaonekana ameotea kwa hatua tatu. Niliinua kibendera kwa nguvu zote, nikafuta goli safi, na nilitoka uwanjani kwa kupitia uchochoro.

Mbinu ya mabeki kupanda kwa pamoja ili kumwacha mshambuliaji nyuma yao inategemea udhaifu huu wa jicho. Mabeki wanaoifanya vizuri hupanda sekunde ileile mpigaji anapoinua mguu, huku wameinua na mikono kumkumbusha mshika kibendera kazi yake. Ile mikono, kwa maoni yangu, imeshinda mechi nyingi kuliko baadhi ya washambuliaji ninaowajua. Huwezi kuikataza, maana si kosa kisheria, lakini ukimwona beki anapanda bila kuinua mkono, mama, ujue huyo anajiamini kweli.

SWALI: Kipa alikaa na mpira mkononi, refa akatoa kona. Kona! Tangu lini? – Kijana wa Sinza.

JIBU: Tangu sheria za msimu wa 2025/26. Zamani kipa alipewa sekunde 6, na akizidisha adhabu ilikuwa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja ndani ya kumi na nane yake. Adhabu hiyo ilikuwa kali na ya usumbufu kiasi kwamba waamuzi waliona aibu kuitoa, na makipa wakawa wanalala na mpira kama mto. Sasa ni sekunde 8, mwamuzi anainua mkono na kuhesabu kwa vidole sekunde 5 za mwisho, na zikiisha ni kona. Timu zilizozoea kulinda goli moja kwa kupoteza muda zitalazimika kutafuta ujanja mwingine, na zitaupata.

SWALI: Ndugu mhariri wa safu, Kamati ya Saa 72, ile inayosimamia uendeshaji wa ligi, ikimfungia mwamuzi kwa kushindwa kutafsiri sheria, imekiri kwamba mechi iliharibika. Kwa nini basi mechi isirudiwe, na pointi zibaki kwa aliyefaidika? Hii ni haki ya wapi? – Mwanafunzi, Mlimani.

JIBU: Swali zuri, na nilitegemea litoke Mlimani. Sheria ya 5 inasema uamuzi wa mwamuzi kuhusu matukio ya mchezo ni wa mwisho, ikiwa ni pamoja na kama goli limefungwa au la, na matokeo ya mechi. Kamati inapomwondoa mwamuzi kwenye ratiba kwa mizunguko kadhaa inapima utendaji wake wa kazi, kama mwajiri anavyompima dereva. Haina mamlaka ya kuirudisha daladala kituoni ikawape abiria safari mpya. Kama kila faulo iliyokosewa ingefungua mlango wa kurudia mechi, ligi ya msimu huu ingemalizwa na wajukuu.

Hata hivyo kuna mipaka miwili ya kanuni hiyo, na kila mmoja una kisa chake.

Wa kwanza ni pale mwamuzi anapoona tukio sawasawa lakini anatumia sheria isiyokuwapo. Tarehe 3 Septemba 2005 Uzbekistan walicheza na Bahrain mjini Tashkent kuwania kufuzu Kombe la Dunia. Uzbekistan wakiwa mbele 1–0 walipata penati, wakaifunga, ila mchezaji wao mmoja alikuwa ameingia kumi na nane kabla ya mkwaju kupigwa. Kila mwamuzi wa mtaani anajua kwamba hapo penati inarudiwa. Mwamuzi Toshimitsu Yoshida wa Japani akawapa Bahrain mpira wa adhabu. Mechi iliisha 1–0, na Uzbekistan, ambao walikuwa wameshinda, wakakata rufaa wakitaka wapewe ushindi wa 3–0. FIFA ikakubali kwamba sheria ilikosewa, lakini badala ya kuwapa magoli ikaifuta mechi na kuamuru irudiwe. Marudio yakaisha 1–1, kule Bahrain ikawa 0–0, na Uzbekistan wakatolewa kwa goli la ugenini. Mshindi alikwenda kudai zaidi akarudi bila hata alichokuwa nacho. Nadhani viongozi wa klabu zetu wenye mkono mwepesi wa kuandika barua za malalamiko wangekisoma kisa hiki kabla ya kununua wino.

Mpaka wa pili ni hila. Novemba 2016 Afrika Kusini waliwafunga Senegal 2–1 katika kufuzu Kombe la Dunia, wakisaidiwa na penati ambayo mwamuzi Joseph Lamptey wa Ghana aliitoa akidai Kalidou Koulibaly amenawa, ilhali mpira ulimgonga goti. FIFA ilimkuta na hatia ya kupanga matokeo, ikamfungia maisha, na mechi ikarudiwa Novemba 2017. Senegal wakashinda 2–0. Angalia kilichoifuta mechi ile. Mpira wa goti kuitwa wa mkono, peke yake, usingetosha, kwa kuwa hilo ni kosa la jicho na makosa ya jicho hubaki. Ilifutwa kwa sababu ilithibitika jicho halikukosea.

Kwa hiyo unapoandika au kupiga kelele jukwaani, tenganisha madai yako matatu: kwamba hakuona, kwamba hajui sheria, na kwamba amenunuliwa. La kwanza halikupi chochote. La pili linaweza kukupa marudio. La tatu ni tuhuma ya jinai, na mtu mwenye akili haitamki mbele ya kipaza sauti akiwa na ushahidi wa picha ya simu iliyopigwa kutoka jukwaa la mzunguko.

SWALI: Nikienda kwa Mkapa nikae wapi ili nione mbinu vizuri? Wenzangu wanasema kiingilio cha mzunguko ni kupoteza hela, hauoni kitu. – Shabiki mpya, Gongo la Mboto.

JIBU: Wenzako wanapenda kuona sura za wachezaji. Kama unataka mbinu, nunua tiketi ya mzunguko, panda juu kabisa nyuma ya goli, na kwa dakika 10 za mwanzo usiutazame mpira. Tazama mabeki wanne wa timu iliyo mbali nawe: mpira ukihamia kulia, je, wote wanne wanasogea, au beki wa kushoto anabaki kwenye mstari wake akipigiana soga na winga? Tazama nafasi kati ya beki wa kati na beki wa pembeni, kwa sababu kutoka pale juu unaiona inavyofunguka na kufungwa kama pazia, na ikifunguka mara mbili bila kuadhibiwa utajua goli litaingilia wapi kabla halijaingia. Halafu mtazame kiungo mkabaji peke yake. Akianza kurudi kwa kutembea dakika ya 60, mjulishe jirani yako.

Kitu kimoja tu ukiwa huko nyuma ya goli: usibishane na mtu kuhusu kuotea wala penati ya upande wa pili wa uwanja, maana ni zaidi ya mita 100 kutoka ulipo na huoni. Mimi nilikaa hapo miaka mingi, nikabishana kila Jumamosi.